Mpira wa Tano

Mvuke ulianzia chini ya kiti cha dereva, ukapanda taratibu kwenye miguu ya Apolinari, na watoto saba waliokuwa nyuma wakadhani gari linaungua. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, hatua chache kutoka njia panda ya Wazo. Mkewe Bupe, ambaye kazi yake ndani ya ile Noah kuukuu ya kupeleka watoto shule ilikuwa kuhesabu vichwa, kufuta makamasi na kuamua ngumi, aliwashusha watoto mmoja mmoja mpaka kivulini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuna aliyeumia. Ila mmoja alilia, na aliyelia alikuwa Genoveva, mtoto wa Demetria.

Angelia mwingine yeyote, mambo yangeishia palepale kwa biskuti. Lakini Demetria alikuwa afisa mikopo, mwanamke aliyezoea kukagua dhamana za watu na kuziona pungufu. Watoto wake pacha, Edgar na Genoveva, ndio walikuwa wa kwanza kuandikishwa kwenye gari lile, na wazazi wengine waliwaleta wao kwa sababu yeye alikuwa amewaleta wake. Jioni aliandika kwenye kundi la wazazi maneno machache tu: "Hii ni mara ya tatu. Jumatatu saa kumi na mbili na dakika kumi gari liwe getini kwangu, zima, na mtuonyeshe kilichoharibika. Vinginevyo wanangu wanahamia gari lingine." Chini yake wazazi watano waliweka dole gumba.

Apolinari aliusoma ujumbe mara nne, akitafuta ni nani aliyemtia maneno Demetria. Alimshuku dereva wa gari lingine la wanafunzi, la rangi ya njano, aliyekuwa akipita mtaani kwao polepole mno kwa mtu asiye na shida. Alimshuku hata mwalimu wa zamu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeingia kwenye Noah ile, na binti yao Hope alikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma akisomeshwa na viti vyake. Watoto saba wakiondoka, pale nyumbani Tegeta hakukuwa na kitu kingine cha kutegemea.

"Mipira ya maji ya rejeta nitabadilisha mwenyewe," alimwambia mkewe, plaizi mkononi. "Unalegeza klipu, unachomoa wa zamani, unachomeka mpya. Nani hawezi?"

"Baba Hope, bomba la jikoni ulilibadilisha mwezi wa pili. Mpaka leo nalikingia sufuria."

"Lile waliniuzia feki."

"Nampigia Gibson."

Gibson alikuwa mtoto wa kaka yake Bupe, mtu mzima mwenye watoto wawili na gereji ndogo kule Boko, na watu walimsifia mikono. Sifa hizo hazikumpa Apolinari amani. Fundi anayesifiwa sana, kwa maoni yake, alikuwa ni fundi ambaye hajakamatwa tu.

"Aje," alisema mwishowe. "Ila kwa utaratibu wangu."

*

Utaratibu wake mafundi wa Tegeta waliujua. Miaka miwili nyuma kuna fundi aliyemchomolea stata nzima na kumfungia mbovu, na tangu siku hiyo gari lake halikulala gereji. Fundi alikuja nyumbani. Mwenye gari alikaa kwenye kigoda, hatua mbili, akitazama. Na kila kilichofunguliwa kiliwekwa juu ya kiroba kilichotandikwa chini, kikaandikwa kwenye daftari. Wenye magari wengi mjini hudai vile vya zamani ili wajue kweli vimebadilishwa, hilo si jambo geni. Yeye, aliyefanya kazi masjala ya wizara miaka thelathini na mmoja, alikuwa amevifungulia faili.

Jumamosi asubuhi walikwenda pamoja dukani, na mlangoni Apolinari akamsimamisha Gibson.

"Wewe baki hapa nje."

"Mzee, kuna ukubwa wa mipira, muuzaji ataniuliza..."

"Nina karatasi."

Gibson alibaki juani, begi begani, kama mtu aliyeletwa na mgambo. Ndani, Apolinari aliuliza bei ya mipira mitano kana kwamba alikuwa anapita tu. Alitaka kujua kama kuna cha juu. Bei aliyotajiwa ilikuwa ileile aliyotajiwa na Gibson jana, hata mia haikuzidi. Badala ya kutulia, alizidi kushuku. Bei zikifanana kiasi kile, lazima wamepigiana simu! Akaenda duka la pili, akakuta imezidi elfu mbili, akarudi la kwanza. Akaunusa mpira mmoja baada ya mwingine.

"Mzee, hiyo ni mipira," muuzaji alimwambia. "Siyo samaki."

Gibson aliruhusiwa kuingia wakati wa kulipa. Akaomba na galoni moja la kulanti, la kupozea injini.

"Maji ya rangi hayo," Apolinari alisema. "Hapo ndipo mnapotuingiza mjini."

"Kwani nyie mlikuwa mnaweka maji gani?"

"Maji."

"Ya kisima? Ya kule kwenu?"

Maji ya kisima cha kwao yalikuwa na chumvi kiasi kwamba Bupe akifulia nayo, sabuni haitoi povu. "Basi chumvi ndiyo imekula klipu zote, mzee, na mipira nayo," Gibson alisema kwa upole, bila kumcheka. Apolinari alilipia lile galoni, lakini moyoni aliweka alama.

*

Injini ya Noah ile hukaa chini ya viti vya mbele. Gibson alivifunua, akaweka beseni uvunguni, maji yakatoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Apolinari alikaa kwenye kigoda na daftari lake. Kila fundi alipoingiza mkono, naye aliinamisha shingo.

"Huu mdogo ndio uliopasuka," Gibson alisema, akichomoa kipande kifupi cha mpira kilichojikunja. "Umejificha huku nyuma, mtu hauoni mpaka uutafute. Shika."

Akamwekea mkononi. Apolinari alikikunja, kikafunguka mpasuko mrefu kama mdomo. Kabla hajaandika, simu ikaita. Alikuwa Demetria, anataka picha. Apolinari akainuka, akaingia ndani kutafuta miwani na mwanga mzuri, akauweka ule mpira juu ya meza ya chakula kando ya kalenda, ili mtu asije akasema picha ni ya mwaka jana. Akapiga, akatuma kundini, kisha akabaki dakika kumi akimjibu Demetria maswali, na kila swali likimpandisha joto.

Alipomaliza, mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya miaka thelathini na mmoja. Ilichukua bahasha ya kaki, ikatia mpira ndani, ikaandika juu yake, ikaiweka kwenye faili la gari, ikafunga kabati. Kichwa hakikuwepo. Kichwa kilikuwa dirishani, kwa sababu nje Bupe alikuwa amempelekea Gibson chai, na wawili wale walikuwa wakiongea Kinyakyusa.

Apolinari alikuwa Mhaya. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa imempa salamu za kwao mkewe na majina ya vyakula, basi. Alisikia Bupe akisema jambo kwa sauti ya chini. Alisikia Gibson akikataa, Bupe akisisitiza, kisha wote wakacheka. Kwa nini watu wacheke mbele ya gari lililofunguliwa? Alitoka nje haraka, na walipomwona wakahamia Kiswahili, jambo ambalo kwake lilitosha kuwa ushahidi.

Saa sita mipira mipya ilikuwa imekaa, klipu mpya zinang'aa. Gibson alikuwa anamimina kulanti taratibu, na Apolinari akaanza kuhesabu juu ya kiroba.

"Iko minne."

"Mzee?"

"Tumenunua mitano. Ya zamani hapa iko minne. Wa tano uko wapi?"

Gibson aliweka galoni chini. "Ule mdogo? Si nilikuwekea mkononi."

"Mkononi mwangu mimi? Hebu tazama daftari. Mpira wa juu, upo. Wa chini, upo. Ya hita miwili, ipo. Mdogo umeuona hapa?"

"Labda hukuandika. Simu ililia ukaingia nao ndani."

"Mimi, nisiandike!"

Alisema kweli kabisa kadiri alivyojua, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wote. Gibson alirudi kwenye injini. "Sawa mzee, lakini mpya umefungwa. Ingiza mkono huku nyuma uuguse."

Apolinari aliingiza mkono, akagusa kitu laini, akautoa. "Nitajuaje kama huu ni mpya? Nitajuaje kama hukuufuta wa zamani ukaurudisha, na mpya uko kwenye begi unasubiri mteja? Fungua begi."

"Baba Hope!" Bupe alikuwa mlangoni na sinia. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu."

"Ndio maana nimemwambia afungue mwenyewe. Angekuwa mwingine ningefungua mimi."

Upande wa pili wa ukuta jirani aliyekuwa anaanika nguo alisimama na shuka mkononi. Gibson alimtazama shangazi yake, kisha akapiga goti na kumwaga begi juu ya kiroba. Spana, bisibisi mbili, kitambaa cha kufutia mikono, pakiti ya biskuti za watoto, kitabu cha nyimbo za kwaya kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni kisichafuke. Mpira haukuwemo. Lakini kulikuwa na fundo dogo la kitenge cha njano chenye ndege, na kitenge kile Apolinari alikifahamu kwa kuwa alikuwa anakula juu yake kila siku. Alilifungua. Noti mbili za elfu kumi.

"Kitambaa cha meza yangu," alisema akikinyanyua juu, "kimo kwenye begi la fundi. Ndani mna hela. Sasa mtaniambia mlichokuwa mnachekea."

"Nimempa mimi," Bupe alisema.

"Ya nini? Ufundi si tumepatana?"

"Ya kukuvumilia."

Apolinari alimwangalia kama hakumsikia.

"Ya kukuvumilia wewe, Baba Hope. Yule aliyekuja kufunga breki nilimpa. Yule wa betri nilimpa, na bado aliapa hatarudi. Tegeta nzima hii hakuna fundi anayekubali kukanyaga hapa kwa ile hela unayopatana nayo wewe. Nawapa pembeni ndio wanakuja. Gibson alikuwa anaikataa, ndio tukacheka. Muulize."

Hakumuuliza. Gibson alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga spana zake kwa ukubwa, na ile aibu iliyokuwa usoni mwake ilikuwa ya kumwonea Apolinari haya, siyo ya kwake. Shuka la jirani bado halikuwa limeanikwa. Katika maisha yake yote Apolinari alikuwa amejihesabu kuwa mtu asiyeibiwa, kumbe mkewe alikuwa akilipa watu ili wamstahimili.

Gibson alimrudishia shangazi yake noti zile kwa mikono miwili. Akasimama na begi.

"Mzee, gari bado halijatolewa hewa. Usiliwashe. Ukiliwasha hivyo litachemsha tena hata na mipira mipya."

Akaondoka bila kudai ufundi wake.

"Umemsikia?" Apolinari alimgeukia mkewe. "Anataka aitwe tena alipwe mara ya pili. Hewa! Kitu kimejazwa maji mpaka juu, hewa itoke wapi?"

Bupe alichukua sinia akaingia ndani. Saa kumi jioni Apolinari aliwasha gari peke yake. Dakika saba za kwanza alitabasamu. Ya nane mshale wa moto ulipita katikati, ya kumi ukawa unabisha hodi kwenye nyekundu, na akazima akiwa ameloa jasho. Hata hapo hakukubali. Alijiambia kwamba kuna kitu kimeachwa legelege makusudi.

*

Jumapili Bupe alikwenda kanisani peke yake, akarudi, akapika, akapakua, yote hayo bila neno. Kundi la wazazi lilikuwa kimya. Yule dereva wa gari la njano alipita mara mbili.

Baada ya chakula Apolinari aliamua kulipeleka suala la mpira kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi. Alifungua kabati, akatoa faili, akafungua ukurasa wa juu. Bahasha ya kaki ilimtazama. Juu yake paliandikwa: "Mpira mdogo wa maji (umepasuka). Umetolewa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Umepigwa picha."

Wazo lake la kwanza, mtu masikini, lilikuwa kwamba kuna aliyemwekea. Aliisogeza bahasha dirishani akaukagua mwandiko. Ulikuwa wake. Ile "p" yenye mkia mrefu ilikuwa yake, aliyogombezwa nayo tangu darasa la tatu. Akaukamua mpira ndani ya karatasi, akausikia ukifunguka mdomo, na ndipo akakumbuka meza, kalenda, simu, dirisha. Alikaa kitandani. Aliona begi likimwagwa. Aliona kitabu cha nyimbo kikidondoka juu ya kiroba chenye grisi. Aibu ilimpanda, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Angeweza kumwita mkewe palepale akamwonyesha. Alikunja bahasha mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Mama Hope," aliita sebuleni. "Mpigie Gibson aje amalizie."

"Wewe ndiye uliyemfukuza. Mpigie mwenyewe."

Alipiga. Simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Shikamoo mzee."

Shikamoo ile ilimchoma kuliko tusi. "Marahaba. Ile hewa uliyosema... Kesho saa kumi na mbili na dakika kumi tunatakiwa kwa yule mama."

Kwa mbali watoto wa Gibson walikuwa wanagombania kitu.

"Ule mpira umeonekana, mzee?"

Vidole vya Apolinari vilikuwa juu ya mfuko wa shati. "Bado," alisema.

"Sawa. Nitakuja kwa ajili ya shangazi. Saa kumi na moja kasoro alfajiri. Ila ukae ndani. Nikiona kigoda hapo nje, nageuza."

*

Alikaa ndani. Pazia lilikuwa limefungwa, na Bupe ndiye aliyeshika tochi huko nje. Apolinari alisikia mfuniko wa rejeta ukifunguliwa, injini ikiwashwa, maji yakibwabwaja, spana ikigonga chuma, na kila mlio ulimvuta shingo. Mara mbili aliinuka mpaka dirishani, mara mbili alikaa. Walipoongea Kinyakyusa alijishika magoti. Saa kumi na mbili kasoro robo Bupe aligonga mlango: "Njoo uone."

Mshale ulikuwa umesimama katikati, tuli. Injini ilikuwa inanguruma kwa adabu.

"Naenda nanyi mpaka shule," Gibson alisema, akiingia kiti cha nyuma. "Niisikilize njiani." Hakumtazama Apolinari. Neno la kumwambia Apolinari alikuwa nalo kifuani, limefungwa na kifungo.

Getini kwa Demetria walifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Alikuwa amesimama, amevaa sare za kazi, Edgar na Genoveva wakiwa pembeni na mabegi yao, simu yake ikiwa wazi kwenye kundi.

"Hamjambo. Zima gari kwanza, baba. Shukeni, nifunulie hivyo viti."

Apolinari alishuka, akafunua. Demetria alimulika kila mpira, akapiga picha, akatuma. Akaomba leseni, akaisoma mbele na nyuma, akailinganisha na uso. Watoto walikuwa wanatazama. Mlinzi wa geti jirani alikuwa anatazama. Apolinari, kwa mara ya kwanza maishani, alijua jinsi mtu anavyohisi akisimama na mikono mitupu huku mwingine akipekua.

"Na ule mpira uliotutumia picha?"

"Picha iko kundini, mama."

"Picha hata mtandaoni zimejaa. Mimi nataka mpira. Kama kweli ulitolewa, basi upo. Kama haupo, mmetupaka rangi tu, na wanangu hawapandi." Akaonyesha simu. "Wenzangu wananisubiri mimi niseme."

Bupe alimtazama mumewe. Alijua, au alidhani anajua, kwamba mpira haupo. Apolinari aliona ada ya Hope machoni mwake, aliona na lile gari la njano. Nyuma, dirishani, aliuona uso wa Gibson.

Alifungua kifungo. Akatoa bahasha ya kaki, akaikunjua, akampa Demetria.

Bupe alishusha pumzi kama mtu aliyegongwa. Demetria alisoma maandishi kwa sauti, "Jumamosi, saa nne na robo asubuhi," akautoa mpira, akaugeuza, akaupima kwa macho ya kazi yake.

"Na nitajuaje kama umetoka kwenye gari hili?"

Maneno yale Apolinari aliyajua, alikuwa ameyasema mwenyewe juzi, na alijua kwamba mtu akiulizwa hivyo hana jibu.

Mlango wa nyuma ulisukumwa. Gibson alishuka akijifuta mikono.

"Habari za asubuhi, mama. Mie ndiye fundi. Huo nimeutoa kwa mkono wangu kwenye gari hili, nikamkabidhi mzee. Saa nne na robo, kama alivyoandika."

"Una uhakika?"

"Mzee huyu hapotezi kitu, mama. Kila kitu anakiweka mahali pake."

Demetria alimtazama Gibson, viganja vyake vyenye grisi, shati lake lililoloa. Akaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, akawapungia wanawe wapande. Mpira aliurudisha, lakini hakumrudishia Apolinari. Alimpa fundi.

Milango ikafungwa. Bupe aliwafunga watoto mikanda, akahesabu kwa sauti iliyokwaruza, "Mmoja, wawili." Bado watano wa kuchukua, na saa ilikuwa inakwenda. Apolinari alishika ufunguo, hakuuzungusha.

"Gibson," alisema, akitazama mbele. "Jana nilikudanganya. Ulikuwa mfukoni."

"Nilijua, mzee."

"Ulijua tangu lini?"

"Si nilikuwekea mwenyewe mkononi."

Apolinari aligeuka, na machozi yalikuwa karibu, mzee wa miaka sitini na mbili mbele ya watoto wa chekechea. "Sasa kwa nini hukusema?"

Gibson aliinama katikati ya viti, akauweka ule mpira kwenye dashibodi, mbele ya mzee.

"Nilisema, mzee. Jumamosi."